Mvua Ndani ya Bwawa la Chumvi

Tumu mwanangu,

Marahaba. Nakujibu kabla hujaniamkia, maana asubuhi utakuwa mbiombio na begi lako, na shikamoo yako itaishia mlangoni.

Kwanza nikukumbushe wewe ni binti wa nani. Kutoka Mapinga mpaka kule juu ambako mabwawa ya chumvi yanaishia na pori linaanza, hajazaliwa mtu anayeijua chumvi kumshinda baba yako. Nikiyatazama tu maji ya bwawa nilikuwa nakwambia yatakauka lini, yatazaa magunia mangapi, na magunia hayo yatamgombanisha nani na nani. Wenye mashamba walikuwa wananigombea kama mwali. Bahari yenyewe ikiniona inajitengeneza.

Haya. Nimeirudia kuisoma hiyo mistari na nimeona aibu, jambo ambalo kwangu si la kila siku. Si kweli. Anayeijua chumvi ni Kondo, huyo huyo Baba Mkubwa Kondo wako anayekuja kutumalizia kahawa. Mimi nilijua chumvi iliyolala juani, inayoonekana na kila mwenye macho. Iliyo ndani ya damu yangu sikuijua, na kutoijua huko ndiko kulikonitoa kitandani nikaja kukaa hapa barazani na taa ya simu na kalamu yako ya chuo. Nitairudisha. Nikisahau, basi imekwenda.

Usitegemee nikufundishe kuchemsha maji ya kunywa, au kutokubali soda ya mtu usiyemjua ndani ya basi, au kwamba ukifika Msata usibabaike na wapiga debe. Hayo mama yako amekuimbia wiki nzima mpaka hata paka anayajua. Mimi shule niliishia darasa la nne, na darasa la nne lenyewe nilikuwa nakaa karibu na dirisha. Nina jambo moja tu, na kila nikilikaribia nainuka kwenda kuchungulia uani kama kuna mtu ananiita. Hakuna anayeniita.

Nianzie kwa Kondo, kwa sababu kumsema Kondo ni rahisi.

Tulipokuwa vijana kipimo chetu shambani kilikuwa yai bichi la kuku. Unalitia kwenye maji ya bwawa. Likizama, maji bado mepesi, yaache jua liyapike. Likielea na kutoa kipara juu, maji yameiva, unayafungulia yaingie bwawa la mwisho yazae chumvi. Mwaka mmoja mvua za vuli zilitangulia, na yai la Kondo likawa linazama kila asubuhi. Msimamizi wetu alikuwa mtu wa makelele. Kondo akaona isiwe tabu. Akabeba gunia zima la chumvi ya zamani, akalimwaga pembeni, pale pale msimamizi anapopenda kupimia. Yai likaelea kama bata. Msimamizi akampa mkono. Huku nyuma tuta lilikuwa limebomoka upande wa mikoko na maji ya mvua yanaingia, lakini nani aende kuangalia tuta wakati yai linaelea? Bwawa likaharibika lote, na lile gunia likaenda na maji.

Tangu hapo nikamwita Mtia Chumvi Bwawani. Nilimwita hivyo siku ya harusi yake, nikamwita hivyo kwenye akika ya wajukuu wake, na mara moja, Mungu anisamehe, kwenye maziko ya baba mkwe wake, tukiwa tumeshika jeneza, yeye mbele mimi nyuma.

Sasa tuje kwangu.

Ulikuwepo siku ya kwanza waliponiambia kule hospitali. Presha, wakasema. Nikawajibu presha kila mtu hapa mtaani anayo, mpaka imamu. Wakasema mzee, yako si hii inayopimwa kwa kitambaa cha kubana mkono. Yako iko ndani ya mapafu. Mishipa inayopeleka damu mapafuni imekaza na kuwa myembamba, na upande wa kulia wa moyo unasukuma kama mtu anayesukuma mkokoteni kwenye mchanga. Wakaniuliza habari za moshi. Nikawaambia ukweli: kabla ya kuhamia mabwawa ya jua tulikuwa tunachemsha maji ya chumvi kwa kuni, na nikitoka kwenye moshi wa kuni nilikuwa naingia kwenye moshi wa sigara ili nipumzike. Mapafu yangu ni ng'onda, Tumu. Yamekaushwa vizuri kuliko samaki yeyote wa Mbegani.

Na yule daktari unamjua, yule dada mwembamba mwenye mtandio wa bluu. Alipojua mimi ni Mkwere, naye Msukuma, hapakuwa na mazungumzo ya adabu tena. Watani ni watani. Mimi nikamwambia babu zake walifika huku pwani na mizigo kichwani, wakaiona bahari wakadhani ni ng'ombe wengi wa bluu. Yeye akaniambia sisi Wakwere hatulimi, tunasubiri muhogo utembee wenyewe mpaka jikoni. Nilikuwa naenda kliniki kama ninakwenda kwenye ngoma.

Basi siku moja nikakaa mbele yake, Kondo pembeni yangu, akashika karatasi ya majibu ya damu.

"Mtani, leo umenichekesha," akasema. "Mvuna chumvi mzima, halafu damu yako chumvi haina."

"Mmechanganya chupa. Hiyo ni damu ya Msukuma."

"Ya Msukuma ingeganda mtindi."

"Basi nirudishie yangu nikaitie kwenye mchuzi, mke wangu siku hizi anapika kama anapikia kuku mgonjwa."

"Sikurudishii. Iko chini, na kwa mtu mwenye mapafu kama yako hiyo si dalili nzuri. Ukiendelea hivi nitakula ubwabwa wa arobaini yako mapema kuliko nilivyopanga."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kondo alicheka mpaka akavua kofia.

Kosa lilikuwa hapo, na ni kosa ambalo mtu asiye na watani asingelifanya. Mtani akikwambia utakufa, unamjibu utakufa ukishamzika yeye. Umemwona mtani msibani anavyolala mlangoni jeneza lisitoke, anadai marehemu alimwahidi jogoo, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo lile neno lake la dalili nikalitupa kapu moja na mtindi na ubwabwa, nikalifunika. Nikaondoka na maneno matatu tu: chumvi iko chini.

Na mtu wa chumvi akisikia chumvi iko chini, unadhani anafanya nini?

Mama yako alikuwa ameshapunguza chumvi ya jikoni kwa amri ya hospitali, na kopo lenyewe amelificha ninapopajua. Sikuligusa, maana anapima kwa macho. Nikaenda kwenye lundo la chumvi la Kondo nikachukua punje zile kubwa, nikazifunga kwenye leso, leso nikaiweka mfukoni mwa kanzu. Nikawa mimi na leso yangu. Uji, natia. Embe bichi, nachovya. Nikiwa nimekaa peke yangu, nalamba kama mbuzi. Nilikuwa najiona tabibu. Nilishapanga jinsi nitakavyorudi kumwonyesha mtani karatasi mpya, nimtambie.

Chumvi ikaleta kiu. Kiu ikanipeleka kwenye mtungi, kutoka kwenye mtungi ikanipeleka kwa muuza madafu. Makubazi yakaanza kunibana, nikayalaumu makubazi. Nikawa nikitoka msikitini nasimama mara mbili njiani najifanya kusalimiana na watu ambao nilikuwa nimeshawasalimia. Ukaniuliza, "Baba, mbona siku hizi umekuwa mwanasiasa?" Nikacheka. Sikuwa na pumzi ya kukujibu, ndiyo maana nilicheka.

Kondo ndiye aliyenipakia kwenye bajaji siku ile wewe ukiwa chuoni Mbegani kuchukua cheti chako. Nilikaa wima kama bwana harusi, kwa sababu nikiegemea tu pumzi inakata. Daktari akanishika mguu, akabonyeza kwa dole gumba, akaliondoa. Shimo likabaki.

"Mtani, usinichimbe," nikamwambia. "Mimi si tonge la ugali."

Hakucheka. Akavuta kile kiti kifupi cha kupandia kitanda, akakaa chini yangu kama mtoto wa nyumbani.

"Baba," akasema, "umekula nini?"

Baba. Tumu, mimi nimeshawahi kuamka shambani nikakuta nyayo za simba zimezunguka kibanda nilicholala. Nimeshawahi kwenda kuposa kwa babu yako mzaa mama, ambaye ni afadhali yule simba. Sikuogopa kama nilivyoogopa mtani wangu aliponiita baba.

"Chumvi," nikamjibu. "Si ulisema iko chini?"

Akafumba macho kidogo. Akasema ni kosa lake pia, alichanganya mzaha na majibu. Mimi nikasema mzaha ulikuwa mzuri, aliyeharibu ni msikilizaji. Kisha akanieleza, polepole, bila Msukuma wala Mkwere.

"Chumvi haijapotea, baba. Maji ndiyo yamezidi. Moyo umechoka kusukuma, kwa hiyo mwili unadanganyika, unadhani umepungukiwa, unayashika maji badala ya kuyatoa. Maji yakijaa, chumvi ile ile inaonekana kidogo. Ukaongeza chumvi, chumvi ikakutia kiu, ukanywa, maji yakazidi kukaa. Mguu huu ni maji. Pumzi hii ni maji."

Nilikuwa bado nalitafuna hilo nikasikia sauti ya Kondo nyuma yangu.

"Mvua," akasema.

"Mvua gani?" daktari akauliza.

"Mvua imeingia bwawani!" Akasimama. "Mvua imeingia bwawani, na huyu mzee amemwaga gunia! Shomari! Gunia zima! Miaka yote hii, Shomari!"

Alicheka akipiga mapaja, muuguzi akaja kuchungulia. Alinyoosha kidole kunionyesha kwa muuguzi kama ananishtaki. Halafu kile kicheko kikaishiwa njia katikati, akakaa, akafuta uso kwa kofia, akaendelea kuufuta muda mrefu kuliko jasho lilivyokuwa.

Tulimsimulia daktari habari ya yai. Akaipenda. Akasema, "Basi hiki kipimo cha damu ndicho yai lako."

"Na yai likizama mtu anakufa?"

"Yai haliui. Linatuambia tu moyo umeelemewa kuliko tulivyodhani. Wenye mapafu kama yako, ambao chumvi ya damu iko chini, mara nyingi hali zao huwa nzito kuliko wenzao ambao iko sawa. Ndiyo maana nikiiona chini nashtuka. Siku zako siwezi kukutajia, baba, sizijui. Ninachoweza ni kutafuta tuta limebomoka wapi, nizibe ninapoweza kuziba."

Kuziba kwenyewe ndiko huku unakokuona: vidonge vya kunikojoza ambavyo vimenifanya nijue kila choo cha Bagamoyo kwa jina, vidonge vya kulegeza ile mishipa ya mapafu, chumvi haramu, na maji ya kupimiwa kwenye chupa kama dawa ya mtoto. Ya leo nimeshaimaliza. Nimeigeuza chupa juu chini mara mbili tangu nianze kuandika, kuhakikisha.

Unajua kinachoniuma, Tumu? Si kwamba sikusoma. Kwenye hili jambo nilikuwa nimesoma. Nimesimama kwenye mabwawa nusu ya umri wangu nikiona mvua ikiyaharibu maji mazuri, na hata siku moja sikuwahi kusema chumvi imekimbia. Nilimcheka mwenzangu maisha yake yote kwa kosa hili moja. Lilipokuja ndani ya mwili wangu sikulitambua. Nilijua kumcheka Kondo tu.

Nimeinuka tena. Nimekwenda mpaka getini nikarudi. Nimepumzika. Sasa naliandika lile lenyewe.

Juzi nilirudi kupima. Miguu ilikuwa imenywea, makubazi yameniingia, nikaenda nimejinyoosha kama ninakwenda kupokea zawadi. Daktari akaisoma karatasi, akairudia.

"Bado iko chini, baba. Haijashuka zaidi, ila haijapanda kama nilivyotaka. Tutaongeza dawa na utakuja kila wiki. Nyumbani nani anajua?"

"Kondo."

"Kondo si nyumbani."

Kondo alinuna mpaka tukafika stendi.

Nawe ulikuwa umeshasema, mbele ya mama yako, umeshika mwiko: "Majibu ya baba yakitoka mabaya, siendi Mwanza." Nakujua. Ile nafasi ya Kilwa uliiacha kwa ajili ya kikohozi changu, ukatuambia hukuipenda ile nyumba ya wafanyakazi. Nyumba hukuwahi hata kuiona. Ukabaki hapa ukawa unaparua vibua vya biashara ya mama yako na cheti kimelala kabatini. Sasa wamekuita kukagua samaki kwenye mwalo wa ziwa, pale mitumbwi inaposhushia, kazi uliyoisomea, nami niwe ndilo tuta linalozuia maji?

Nilipoingia uani ulikuwa unaanika nguo. "Baba, chumvi inasemaje?"

"Imepanda," nikasema. "Nikitia kidole kwenye mchuzi, mchuzi unakolea."

Ukapiga kigelegele peke yako kama kichaa, ukakimbia ndani, nikasikia zipu ya begi ikifungwa. Sauti ile bado iko sikioni. Nikilala upande huu, zipu. Nikigeukia upande ule, zipu.

Nikapanga hivi: nitakuandikia, nitaitia barua katikati ya zile kanga alizokupa mama yako, uikute huko huko Mwanza ukiwa umeshakabidhiwa meza. Utalia, utanitukana, lakini utakuwa umeshaanza kazi. Nikajiona hodari. Nilikuwa nimeshaandika mwanzo wote wa barua hii nikiwa na mpango huo.

Kisha nikamkumbuka mama yangu.

Bibi yako hukumkuta. Alipougua nilikuwa kwenye mabwawa ya mbali, kaskazini huko, na siku hizo habari zilikuwa zinatembea kwa miguu. Lakini watu walikuwa wanakuja na kurudi. Mmoja alipita kwangu, tukala naye, nikamuuliza nyumbani hawajambo? Akanijibu hawajambo, wanakusalimu. Alikuwa ameagizwa ajibu hivyo. Nilipofika nyumbani mikeka ya msiba imeshakunjwa, wanawake wamerudi makwao, kuna mwiko mmoja mkubwa wa kuazima umesahaulika juani. Nilimuuliza kaka yangu, kwa nini? Akasema, tulitaka ufanye kazi kwa amani.

Amani ile sikuiomba. Nimeishi nayo mpaka leo na bado siitaki.

Nilikuwa nimefika hapo mama yako akafungua mlango, kanga begani, uso wa kuniuliza nina wazimu gani.

"Unaandika nini?"

"Namwandikia mtoto nasaha."

"Wewe? Nasaha?" Akakaa. "Hebu nisomee hizo nasaha."

Nikamsomea. Nilidhani nikifika kwenye juzi atapiga ukunga, nikajiandaa kumnyamazisha. Hakupiga. Alikuwa anang'oa nyuzi kwenye pindo la kanga.

"Nilijua," akasema.

"Kondo! Nilijua tu yule mzee mdomo wake…"

"Kondo hajanifumbulia mdomo. Soksi."

"Soksi?"

"Unadhani nani anakuvua soksi ukisinzia kitini? Alama ya mpira wake inakaa mguuni mpaka asubuhi, mfereji mzima, kidole kinaingia. Kwa mtu aliyepanda chumvi?" Akaukata uzi kwa meno. "Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe. Nikasema ngoja nione huyu mume wangu atafika wapi." Kisha akaionyesha barua kwa kidevu. "Na hii unaitia wapi?"

"Begini mwake."

"Kama mwizi anarudisha kuku."

"Akiisoma hapa hataondoka, mke wangu."

"Labda hataondoka. Labda ataondoka. Lakini atakuwa anajua anachokiacha. Wewe ulipewa hiyo ya kutokujua, ukaipenda?"

Nikamwomba maji kidogo, angalau kwa kuwa nimekubali. Akasema chupa yako umeimaliza, akaondoka na jagi. Nimemsikia amelala nalo upande wake wa kitanda.

Basi mpango umekufa. Barua hii nitakupa mkononi kabla hujanywa chai.

Nilikudanganya, Tumu. Chumvi bado iko chini. Nilikwambia yai linaelea, kumbe nimemwaga gunia. Kondo akilisikia hili atacheka mara ya pili, na safari hii namruhusu.

Sasa nisikilize, na usinikatize, maana ukinikatiza kwenye karatasi sitakusikia. Mimi nataka uende. Wewe ndiye umesomea dalili. Ulinifundisha mwenyewe, pale jikoni: jicho la samaki likififia na matamvua yakigeuka rangi, hulilaumu jicho wala hulifuti kwa kitambaa ling'ae, unauliza samaki alilala wapi, barafu iliisha saa ngapi. Nilikusikiliza, nikasema mtoto huyu ana akili, nikaenda kulamba chumvi. Sitaki ubaki hapa kunitazama miguu kila asubuhi kama tulivyokuwa tunalitazama lile yai. Kulitazama hakukuziba tuta. Wa kuziba wapo: kuna daktari, kuna polisi wa maji aliyelala na jagi, na kuna Kondo wa bajaji. Wewe huna zamu hapo.

Lakini ukisema unabaki, sitakufukuza. Nitakuwa na hasira siku mbili na furaha siku zote zitakazofuata, na hiyo furaha ndiyo ninayoiogopa. Amua wewe. Sikuamulii kwa uongo tena.

Ukienda, tukubaliane. Ukipiga simu usiniulize hujambo, maana nitakujibu sijambo hata nikiwa ndani ya sanda. Uliza, "Yai?" Nitakwambia limezama au limeelea, kama lilivyo. Nawe nikikuuliza habari za huko usinijibu poa, baba. Kama chumba kinavuja, sema kinavuja. Kama umelia, sema umelia. Mama yako atasikia tu, huyo hata sauti ya simu anaisoma kama soksi zangu.

Na huko unakwenda kwa watani. Watakusumbua, watakuita binti wa wavivu wa pwani, watakuambia ziwa lao ni tamu na bahari yetu ni mchuzi uliomwagika. Wajibu, usiwaonee haya, una ulimi wangu. Ila mtani akisema maneno mawili, cheka la kwanza halafu ulirudie la pili ukiwa peke yako. Mimi la pili lilinipita.

Mkono unachoka na mwadhini anakaribia kukohoa kwenye kipaza sauti. Limebaki langu moja, na hili siliombi kama mgonjwa, nakudai. Idi iliyopita nilikufunga kwenye karata, pamoja na kwamba ulichungulia. Tulikubaliana, na haikuwa kamari, imamu atulie: atakayefungwa atamkata mwenzake kucha za miguu. Ukakimbilia kwa jirani ukisema miguu yangu inanuka mabwawa. Sijasahau. Na sasa hivi kuinama mwenyewe siwezi, nikiinama pumzi inabaki juu.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma, kabla hujalia, kabla hujagomba, kabla hujalifungua begi au kulibeba, chukua ule mkasi mdogo wa mama yako uje hapa barazani. Soksi nitakuwa nimeshazivua.

Baba yako